Sanamu ya Maumbo Mawili: Habari za Roboti Igeukayo Lori na Kipimo cha Wakusanyaji Wake

Mtafiti wa maandiko ya kale ana swali moja ambalo halimwachi tangu siku aanzapo kazi yake mpaka siku aimalizapo: katika nakala hizi zote zilizo mbele yangu, ipi ndiyo asili, na zipi ni wafuasi wake? Aijuaye kazi hiyo anajua pia kwamba nakala kongwe si lazima iwe ndiyo bora, na kwamba tarehe iliyoandikwa mwishoni mwa utenzi yaweza kuwa ni tarehe ya nakala nyingine iliyotangulia, ambayo mwandishi aliinukuu pamoja na mengine yote bila ya kufikiri. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba swali hilo hilo huwasumbua watu wa shughuli nyingine kabisa, nao ni wakusanyaji wa vichezeo. Na kwamba jibu walilolitoa kwa muda wa miaka arobaini lafaa kuangaliwa na sisi, kwa kuwa mna kosa ndani yake ambalo nasi twaweza kulitenda.

Kichezeo nilichokichagua ni kimoja tu. Ni roboti igeukayo lori, iliyotoka Japani mwaka wa 1983 kwa jina la Battle Convoy, ikaingia Marekani mwaka wa 1984 kwa jina la Optimus Prime. Ipo michoro yake, vipo vitabu vya picha vyake, ziko filamu zake, nazo nakala zake za plastiki zilizofuata ni nyingi mno kuzihesabu hapa. Umri wake ni mfupi ukilinganishwa na umri wa mambo tunayoyachunguza kwa kawaida katika kurasa hizi. Lakini katika umri huo mfupi kipimo chake kimepinduliwa juu chini: sanamu iliyotangulia imevuliwa cheo cha asili, na picha iliyochorwa kwa kuiiga ndiyo iliyovikwa cheo hicho.

Kwanza tutazame maneno. Neno roboti lilianza katika mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., ulioandikwa na Karel Čapek na kuchapishwa mwaka wa 1920. Alilipata kwa shauri la ndugu yake Josef kutoka katika neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni kazi ya kulazimishwa, yaani ile ambayo kwa Kiswahili huitwa shokoa. Wajapani, ambao ndio walioanza kuzitengeneza sanamu hizi, wana maneno mawili ya kueleza mageuzi yake. Henshin ni kugeuka mwili, nalo hutumika zaidi kwa kiumbe mwenye nafsi. Henkei ni kugeuka umbo, nalo hutumika kwa kitu. Kiswahili hakina tofauti hiyo ya maneno, lakini kina mnyambuliko, na mnyambuliko watusaidia kuliko msamiati. Roboti ya hadithini hujigeuza. Roboti ya mkononi hugeuzwa. Na yule atazamaye tu, aonapo lori limekuwa mtu, husema limegeuka, bila ya kumtaja mtendaji wala kutendwa. Naomba msomaji azihifadhi kauli hizo tatu, maana ugomvi mwingi wa wakusanyaji watokana na kuzichanganya.

Sasa historia. Kampuni ya Takara ilianzishwa Tokyo mwaka wa 1955. Mwaka wa 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa sanamu ya askari aitwaye G.I. Joe, mwenye viungo vingi vya kukunjika na urefu wa sentimita 30 hivi. Takara ikapata ruhusa ya kuitengeneza huko Japani, na mwaka wa 1972, kwa kuutumia mwili ule ule, ikatoa Henshin Cyborg, mtu wa plastiki ing'aayo kama kioo, ambaye mitambo ya tumboni mwake yaonekana kwa nje. Mwaka wa 1974 akaja Microman, mtu wa namna ile ile aliyepunguzwa hata akawa na sentimita 10 tu, pamoja na vyombo vya kupanda vya kimo chake. Mwaka huo huo kampuni ya Popy ilitoa sanamu ya Mazinger Z katika mfululizo ulioitwa Chogokin, ambao ulifanywa kwa zinki iliyomiminwa katika kalibu. Tangu hapo uzito mkononi ukawa sehemu ya uzuri wa roboti, na mpaka leo mkusanyaji wa Kijapani akishika sanamu nyepesi huitilia shaka kabla ya kuitazama.

Mwaka wa 1980 Takara ilianza mfululizo wa Diaclone. Humo watu walikuwa wadogo zaidi, wa sentimita 3 hivi, wenye sumaku katika nyayo ili waweze kusimama juu ya chuma. Nazo roboti zilikuwa ni vyombo vyao vya kuendesha. Kuanzia mwaka wa 1982 vyombo hivyo vikafananizwa na magari ya kweli ya barabarani, kama vile Nissan Fairlady Z na Lamborghini Countach, kwa kipimo cha moja kwa sitini hivi. Ndipo mwaka wa 1983 likaja lori. Hivyo twaweza kusema kwamba askari wa Marekani alikwenda Japani akaonyeshwa matumbo, akapunguzwa kimo mara mbili, akapewa gari, na baada ya miaka 20 akarudi kwao akiwa yeye mwenyewe ndiye gari.

Sanamu hiyo ya mwaka wa 1983 nastahili kuieleza kwa urefu, kwa sababu wengi wanaoitaja hawajapata kuishika. Kichwa cha lori ni chekundu, la namna ile ya Kimarekani isiyo na pua, ambayo dereva huketi juu ya injini. Kichwa hicho ndicho kigeukacho mtu: sehemu ya nyuma ibebayo magurudumu huwa miguu, vioo vya mbele huwa kifua, mikono hutoka ubavuni, na kichwa cha roboti huinuka kutoka ndani. Ngumi mbili hazimo katika mwili. Ni vipande vya peke yake, ambavyo mchezaji huvichomeka mwishoni mwa mikono. Tela halishiriki mageuzi hayo. Hufunguka likawa kituo cha vita chenye mtambo wa mkono mmoja, na ndani yake hukaa kigari kidogo kirushwacho nje kwa kamani. Ukilifungua dirisha la kifua utaona viti. Viti hivyo ni vya wale watu wa sumaku. Kwa Mjapani wa mwaka wa 1983, basi, swali la kama roboti hii ina roho halikuwapo. Ilikuwa ni chombo, na nahodha wake alikuwa ndani.

Wajumbe wa Hasbro waliviona vichezeo hivi Tokyo mwaka wa 1983, nayo kampuni yao ikanunua haki ya kuviuza. Walichanganya jamaa mbili katika nyumba moja: magari ya Diaclone, na vile vya mfululizo wa Micro Change, uliotokana na Microman, ambavyo vilifanana na vitu vya nyumbani kwa kimo chao cha kweli, kama kaseti, darubini ya maabara, na bastola. Ndiyo maana katika hadithi ya Kimarekani bastola na lori ni watu wa kimo kimoja, jambo ambalo lisingewezekana katika hadithi ya Kijapani. Kazi ya kutunga majina na tabia walipewa waandishi wa Marvel. Jina la Optimus Prime lilitungwa na Dennis O'Neil. Majina mengi mengineyo, pamoja na maelezo mafupi ya tabia yaliyochapishwa nyuma ya makasha, yaliandikwa na Bob Budiansky. Kwa kalamu yao chombo kilipata nafsi, jina, na maneno ya kusema. Manahodha wakafutwa. Viti lakini vilibaki, kwa sababu kalibu ya chuma ni ghali na haibadilishwi kwa ajili ya hadithi. Na mtoto wa Marekani aliyelifungua dirisha la kifua mwaka wa 1984 alikuta viti vitupu ndani ya mtu aliye hai, wala karatasi ya maelezo haikumweleza ni vya nani.

Kisha ikaja televisheni, mwezi wa Septemba mwaka wa 1984. Kutengeneza katuni ni kuchora picha maelfu, na hakuna mchoraji awezaye kurudia kila skrubu na kila stika. Shohei Kohara, Mjapani, na baada yake Floro Dery, Mfilipino, walizichora roboti upya kwa mistari michache: wakaondoa bawaba, wakaongeza misuli, wakampa Optimus Prime ngumi zitokazo zenyewe mikononi na uso wenye kuonyesha huzuni. Tela, ambalo katika kichezeo ni nusu ya thamani, katika katuni lilikuwa taabu kwa wachoraji. Roboti anaposimama, tela hutoweka kando ya picha. Anaporudi kuwa lori, hutokea tena. Watazamaji wa wakati ule hawakuuliza. Nasisitiza jambo hili: mchoro ulikuwa ni muhtasari wa sanamu, uliofanywa kwa haraka na kwa haja ya kazi. Haukudai kuwa zaidi ya hapo.

Mwaka wa 1986 ilitoka filamu ya katuni ambamo Optimus Prime alikufa. Sababu ilikuwa ya biashara, kwani vichezeo vya kwanza vilikuwa vimekwisha kuuzwa na nafasi ilitakiwa kwa vipya. Watoto walilia katika majumba ya sinema, nao wauzaji walishangaa, kama kwamba wao wenyewe hawakuwa wametumia miaka miwili kumpa uhai. Sidhani kwamba mtu aweza kuieleza bei ya leo ya sanamu hii bila ya kukumbuka kilio hicho. Waliolia wakiwa na miaka minane walikuwa na mishahara mnamo miaka ya 1990, na mkutano wa wapenzi hawa uitwao BotCon ulifanyika mara ya kwanza Fort Wayne, Indiana, mwaka wa 1994. Wakati huo ndipo lilipozaliwa jina la Kizazi cha Kwanza. Halikuwapo mwaka wa 1984, wala lisingeweza kuwapo. Lilitungwa baada ya Hasbro kutoa mfululizo ulioitwa Kizazi cha Pili mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa kitu hakiitwi cha kwanza mpaka cha pili kifike.

Wakusanyaji hao wa mwanzo walikuwa na kipimo kigumu lakini cha haki, nacho kilikuwa cha kuchunguza kitu chenyewe. Waliuliza kwanza utimilifu: ngumi zote mbili zipo, bunduki ipo, makombora ya mtambo wa tela yapo, mpira wa mafuta uliofanana na ule wa kituo cha petroli upo? Kisha viungo: je, sanamu husimama bila ya kuegemea, au bawaba zimelegea kwa kugeuzwa mara nyingi? Kisha kromu, ambayo hutoka kwa jasho la vidole. Kisha stika, na hapa nataka kusimama kidogo. Stika za mwaka wa 1984 hazikubandikwa kiwandani. Zilikuja katika karatasi, na mtoto ndiye aliyezibandika siku ya kwanza, akiwa na haraka. Stika iliyopinda, basi, si dosari ya kiwanda. Ni mkono wa mwenye kitu, sawa na maneno yaliyoandikwa pembeni mwa ukurasa na msomaji wa zamani, na mimi sijaelewa kwa nini thamani yake ishuke.

Kulikuwa na elimu ya plastiki pia, iliyopatikana kwa hasara. Plastiki nyeupe hugeuka manjano kwa mwanga wa jua na kwa dawa zilizotiwa ndani yake ili isishike moto. Ndege iitwayo Jetfire ya mwaka wa 1985, ambayo ilitoka katika kalibu za Takatoku, ni vigumu kuiona leo ikiwa nyeupe. Wengine huirudishia weupe kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi. Plastiki ya rangi ya dhahabu, iliyochanganywa na vumbi ling'aalo, ina ugonjwa mbaya zaidi: huoza kutoka ndani, na siku moja huvunjika kama biskuti mikononi mwa mtu ambaye hakufanya kosa lolote ila kuigeuza. Black Zarak, iliyotoka Japani, yajulikana sana kwa ugonjwa huo. Zinki nayo, ikiwa imeingiwa na risasi tangu kiwandani, hupasuka kidogo kidogo kwa miaka.

Lakini elimu iliyo karibu zaidi na yetu ni ile ya tarehe. Chini ya mguu au mgongoni mwa sanamu zimepigwa chapa za miaka, na mgeni huzisoma kama tarehe ya kuzaliwa. Sizo. Ni miaka ya haki ya mali. Sanamu zilizotoka katika jamaa ya Micro Change huwa na mwaka wa 1974, kwa sababu Microman ilianza mwaka huo, ingawa sanamu yenyewe ilimiminwa miaka kumi baadaye. Ni tarehe ya nakala iliyotangulia, iliyonukuliwa pamoja na mengine yote. Mkusanyaji aliye hodari huitupa tarehe hiyo, akatafuta alama ndogo zisizotaka kushuhudia neno lolote: kwa mfano, kibandiko kile kinachoonyesha nembo ya kundi kikisuguliwa kwa kidole chenye joto kilianza mwaka wa 1985, kwa hiyo sanamu isiyo nacho wala mahali pake yaweza kuwa ya mwaka wa kwanza. Baadhi ya zile za mwanzo kabisa zina kigari cha buluu, rangi iliyokuwa ya Diaclone, kabla ya kijivu kushika nafasi yake. Na kasha huwa limekatwa kona, kwa kuwa watoto waliambiwa wakate alama zilizochapwa juu yake na kuzikusanya ili wapate kuagiza vichezeo vingine kwa posta.

Elimu hiyo mimi niliipata nikiwa nimekwisha kuihitaji. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kwa muuza vitu vya kale, ambaye sina haja ya kumtaja, Optimus Prime aliyesemwa kuwa ni wa mwaka wa 1984. Kasha lilikuwa la kweli, kona yake imekatwa. Povu gumu la ndani lilikuwa la kweli. Bei nayo ilikuwa ya kweli, hata nyumbani sikuieleza kwa ukamilifu. Nilipoitoa sanamu nikaona mabomba ya moshi ya lori ni mafupi. Hasbro ilipoitoa tena sanamu hii kwa soko la Marekani mwaka wa 2002, ilikata mabomba hayo kwa ajili ya sheria za usalama wa watoto. Kilichokuwamo si cha kasha. Mtu alikuwa amechukua jalada la kitabu cha kale akalitia kurasa mpya, na mimi, ambaye nimetumia umri wangu kuwaonya wanafunzi juu ya majalada, nilikuwa nimesoma jalada.

Tangu mwaka wa 2003 kipimo kilianza kugeuka. Takara ilitoa sanamu ya kwanza ya mfululizo wa Masterpiece, MP-01, nzito, yenye chuma kingi, mipira ya magurudumu ya kweli, na lori linalopendeza kwa vipande vyake vidogo. Ilikuwa bado ni lori la mhandisi. Mwaka wa 2011 ikafuata MP-10, ndogo zaidi, yenye tela lake na kimo kilichopangwa kulingana na wenzake. Mwaka wa 2019 ikaja MP-44, na hapo kusudi likawa wazi kabisa: kuutoa mchoro wa katuni katika plastiki, mstari kwa mstari, bila ya bawaba kuonekana na bila ya skrubu kusema kitu. Ni kazi ya ajabu. Wahandisi wamekunja ndani ya kifua na mgongo sehemu ambazo mchoraji wa mwaka wa 1984 hakujisumbua kueleza zinakwenda wapi, na zimekwenda. Wakusanyaji waliisifu kwa neno moja: ni sahihi.

Sahihi kwa nini? Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ni sahihi kwa mchoro. Na mchoro ulikuwa sahihi kwa nini? Ulikuwa ni muhtasari wa kichezeo cha Battle Convoy, uliofanywa kwa haraka ili kazi iishe. Kwa hiyo leo sanamu ya mwaka wa 1983 huhukumiwa kwa kutofanana na muhtasari wake. Nimesoma na kusikia mara nyingi ikisemwa kwamba sanamu ya kwanza "ilikosea" uso, ilikosea mikono, ilikosea miguu. Ni kama kusema kwamba utenzi umekosea kwa kuwa haufanani na ufupisho uliofanywa kwa ajili ya darasa la nne. Ukweli ni kwamba wengi wa wasemao hivyo waliiona katuni kabla ya kukishika kichezeo, na moyo huita asili kile ulichotangulia kukipenda. Simlaumu mtu kwa mapenzi yake. Namlaumu anapoyafanya kuwa elimu ya nakala, kwa kuwa kwa njia hiyo kazi ya mafundi wa Takara, ambao ndio waliofikiri namna ya kumficha mtu ndani ya lori, huwa ni rasimu mbovu ya picha iliyokuja baada yao.

Tena, katika kuufuata mchoro, kumezaliwa hila ambayo mkusanyaji wa zamani asingeikubali. Katika vichezeo kadhaa vya miaka ya karibuni kifua cha roboti chaonekana kuwa ni pua ya gari, lakini sicho. Pua ya kweli imekunjwa mgongoni, na hii ya mbele ni ya pili, iliyofichwa muda wote ili itolewe ipendeze. Basi hapo gari halikugeuka mtu. Limejificha nyuma yake. Filamu za watu walio hai, zilizoanza mwaka wa 2007, zilizidisha taabu hiyo: roboti wa filamu alichorwa kwa kompyuta kwa vipande zaidi ya 10,000, wala haikutakiwa kwamba mkono wa mtu uweze kumkunja.

Mimi nadhani kipimo cha sanamu ya maumbo mawili hakimo katika umbo la kwanza wala la pili. Kimo katika njia iliyopo kati yake. Mtu akinionyesha picha mbili, lori na roboti, hajanionyesha kichezeo hiki bado, maana picha zile zaweza kuwa za vitu viwili mbalimbali. Lazima nikitie mkononi nikigeuze, nione kama kila sehemu ina kazi pande zote mbili, kama vioo ni vioo na tena ni kifua, kama kidole chaongozwa na kitu chenyewe au na karatasi. Kwa kipimo hicho sanamu ya mwaka wa 1983, ambayo kichwa chake hakitazami kushoto wala kulia na ambayo ngumi zake hupotea siku ya pili, yashinda wajukuu wake wengi. Mtoto wa miaka sita huigeuza bila ya kusomewa. MP-44 nimeigeuza mara mbili, na mara ya pili ilinichukua jioni nzima na kikombe cha chai kilichopoa. Tangu hapo imesimama kabatini ikiwa roboti, na nadhani nyingi za wenzangu zimesimama vivyo hivyo.

Wapo pia waliokimbilia mwisho mwingine. Huko Marekani sanamu iliyo ndani ya kasha lisilofunguliwa yaweza kupelekwa kwa kampuni ya wapimaji, ikafungiwa ndani ya sanduku la akriliki na kupewa alama katika 100. Alama hizo zina faida kwa mnunuzi aogopaye kudanganywa, nami nisingekuwa na haki ya kuzidharau baada ya yale yaliyonipata. Lakini kilichopimwa hapo ni kasha. Na mwaka wa 2021 kampuni ya Robosen, kwa ruhusa ya Hasbro, ilitoa Optimus Prime mwenye mota 27 ndani yake, kwa bei ya dola 700 hivi, ambaye huambiwa kwa sauti, naye akasimama peke yake kutoka katika lori. Nimemtazama akifanya hivyo. Baada ya miaka 38 kauli ya hadithi na kauli ya mkono zimekutana: roboti hujigeuza kweli. Watu waliokuwapo walipiga makofi, kisha mmoja wao, mtu mwenye mvi, akanyosha mkono bila ya kujua akitaka kuvuta mguu, na mwenye kitu akamzuia asije akavunja mota.

Ile sanamu ya mabomba mafupi ninayo bado. Sikuirudisha, kwa sababu muuzaji alikuwa amekwisha kuhama. Nimeitenga na kasha lake la uongo, na kila kimoja kina kadi yake iliyoandikwa mwaka wake. Baadaye nilipata nyingine, ya kweli, isiyo na kasha kabisa, yenye stika ya bega la kushoto iliyobandikwa kichwa chini. Haina ngumi ya kulia. Wapo wauzao ngumi mpya za kufanana nazo kwa bei ndogo, rangi ile ile ya buluu, na rafiki mmoja alininunulia jozi. Nimeziweka katika bahasha, ndani ya saraka. Sanamu yenyewe imesimama na mkono mmoja mtupu.